Mashine ya kuoka koni za aiskrimu nyumbani: niliyoichagua na kwa nini

Kwa mwenye haraka nasema mapema: kama umeme wako ni wa volti 230, kama huku kwetu Dar es Salaam, nunua mashine ya umeme yenye mabamba mawili ya duara, yenye michoro ya juu juu isiyo na mashimo, na yenye kitufe cha kuzungusha cha kupandisha na kushusha joto. Pesa yako iende kwenye kile kitufe. Rangi ya mashine, wingi wa taa, kijitabu cha mapishi chenye picha za kumeremeta, hayo usiyalipie hata shilingi.

Nimeoka koni kwa vyombo vya aina tatu: mashine ya umeme isiyo na kitufe cha joto, chuma cha kuweka juu ya jiko la gesi, na hii ya umeme yenye kitufe ambayo ndiyo niliyoinunua. Tofauti zao ni kubwa, na dukani sikumpata mtu wa kunieleza.

Aiskrimu natengeneza mwenyewe: ya ubuyu, ya embe msimu wake ukifika, na ya tui la nazi ambayo watu wa nyumbani kwangu hawaichoki. Kilichokuwa kikinisononesha ni koni. Za paketi zinazopatikana kirahisi huku kwetu nyingi ni zile nyepesi, za rangi ya manjano iliyopauka, zenye kitako bapa. Ukifungua paketi leo, kesho zinatafunika kama karatasi iliyolowa. Koni nzuri ina rangi ya kahawia, inanukia siagi na sukari iliyoungua kidogo, na ukiing'ata inavunjika kwa mlio. Mtoto akipewa koni ya namna hiyo anaanza kuila kabla hajaigusa aiskrimu.

Koni ziko za namna mbili, na hapo ndipo wauzaji wengi wanapokuchanganya. Kuna za kalibu: rojo la unga linamiminwa ndani ya kalibu, kalibu inafungwa, koni inatoka na umbo lake. Hili ni jambo la zamani. Italo Marchiony, Mwitaliano aliyekuwa akiuza aiskrimu New York, alipewa hataza ya Marekani mwaka 1903 kwa kalibu ya kuoka vikombe vya aiskrimu vinavyolika. Mashine za kalibu zilizoko sokoni leo ni za mwenye biashara, nzito, za kuoka koni kadhaa kwa mpigo. Namna ya pili ni za kukunja: unaoka duara jembamba, unalitoa, unalikunja likiwa bado la moto. Hizo ndizo zinazotajwa sana katika habari za maonyesho ya dunia ya St. Louis mwaka 1904, ingawa waliodai kuwa wa kwanza kuzikunja ni wengi. Kwa nyumbani tunazungumzia hizi za kukunja. Muuzaji mmoja wa Kariakoo alinionyesha ya kalibu akaniambia, "Mama, hii ndiyo yenyewe, hukunji kitu." Ni kweli hukunji, ila inataka meza yake peke yake, na koni inayotoka ni ileile ya kitako bapa niliyokuwa naikimbia.

Wengine watakwambia ile mashine ya kawaida ya waffle itafanya kazi. Haifanyi. Mashimo yake ni ya kina, kinachotoka ni kitu kinene na laini ndani, na ukikikunja kinachanika kwenye mikunjo. Angalia michoro ya bamba: kwa koni inatakiwa iwe mifereji midogo tu, na bamba la juu likilala juu ya la chini nafasi baina yao iwe ya milimita mbili au tatu.

Suala la volti nalisisitiza kwa sababu wengi wetu tuna ndugu Marekani na tunawaagiza vitu. Mashine nzuri za koni kule zipo, lakini zimetengenezwa kwa volti 120. Chombo cha kupashia joto cha wati 1,000 kilichokusudiwa volti 120, ukikichomeka kwenye volti 230 kinavuta zaidi ya wati 3,600. Kitaungua, na kinaweza kuunguza na kingine. Transfoma ya kushusha umeme ipo, ila kwa mzigo huo utahitaji kubwa, nzito, ambayo bei yake inaweza kulingana na mashine nyingine kamili. Ndugu wa Ujerumani au Uholanzi akikuletea, volti ni sawa na zetu; kinachobadilika ni plagi ya miguu miwili ya mviringo. Mwite fundi umeme akufungie plagi ya miguu mitatu na ahakikishe ule waya wa kijani na njano umeunganishwa, maana unashika chuma cha moto kwa mikono yenye maji na mayai. Inayotoka Dubai haina tabu yoyote: umeme wao unalingana na wetu na plagi zao ni hizihizi.

Sasa nirudi kwenye joto, maana hapo ndipo mashine zinapotengana.

Kinachoifanya koni iwe kavu ni sukari. Sukari ikiwa ya moto ni laini, duara unalikunja utakavyo. Ikianza kupoa inaganda na kuwa ngumu. Tangu unapolitoa duara hadi linapogoma kukunjika una sekunde kama kumi, na feni ikiwa inapuliza jikoni zinapungua. Lakini ili sukari ifanye kazi hiyo, maji yaliyomo kwenye rojo lazima yawe yametoka. Bamba likiwa na joto dogo, maji yanatoka taratibu mno. Duara linakaa muda mrefu, linabaki jeupe, likipoa linakuwa gumu la kuvutika badala ya kuvunjika. Bamba likiwa na joto kali kupita kiasi, uso unapata rangi nzuri kabla ndani hakujakauka. Hii ya pili inadanganya zaidi. Koni inatoka inapendeza, unaipanga mezani, wageni wakifika imelegea. Joto linalofaa ni la karibu nyuzi 190 hadi 200 za Selsiasi, na duara liive kwa dakika moja hadi moja na nusu.

Tena kila rojo lina joto lake. Ukitia asali badala ya sehemu ya sukari, rangi inawahi, kwa hiyo unashusha. Ukitia tui la nazi badala ya maziwa, mafuta yanazidi na duara linataka muda zaidi kwa joto la chini kidogo. Ukitia kakao huwezi hata kuona rangi, unategemea mvuke. Mvuke unapotoka kwa wingi pembeni ya mashine bado maji yapo, unapopungua ndipo unafunua. Mashine isiyo na kitufe imeamua joto moja kwa ajili yako, na huyo aliyeliamua hajui unapika nini.

Niliijua vizuri mashine ya namna hiyo kwa sababu shoga yangu wa Mbagala anayo, aliagiza mtandaoni, na tulikaa nayo jikoni kwake tukaoka mpaka unga ukaisha. Kampuni siitaji. Taa ya kijani ilikuwa inawaka mapema, mabamba yakiwa bado hayajakolea. Ukisubiri zaidi ya taa, katikati kunaungua na pembeni kunabaki kweupe. Inavyoonekana waya wa moto umezunguka katikati tu na haufiki ukingoni. Bamba la juu lilikuwa na joto pungufu kuliko la chini, hivyo upande mmoja wa koni ulikuwa na rangi na mwingine hauna. Tulipata koni nzuri, sikatai, lakini kwa kulisogeza duara kwa kijiko cha mbao katikati ya kuoka na kuligeuza kwa mkono, na hapo ndipo vidole vinapoungua. Kwa wati 600 zilizoandikwa chini yake, kila ukifunua joto linashuka na unasubiri upya. Ukitafuta ya kununua, wati 800 hadi 1,200 zinatosha.

Chuma cha jikoni kilinifikia kwa njia nyingine. Wifi yangu aliishi Norway, na kule wana kitafunwa cha Krismasi kinachoitwa krumkake: duara jembamba mno lenye michoro, linaloviringishwa kwenye mbao iliyochongoka. Nilifurahi aliponiambia mara nyingi wanatia iliki. Alituletea chuma chake, mabamba mawili ya alumini yenye mipini mirefu, yanayokaa juu ya kishikio cha duara na kugeuzwa upande kwa upande.

Kwa ladha, hakuna kilichokishinda chuma hiki. Kinatoa duara jembamba kuliko mashine yoyote, linavunjika vizuri, na iliki kwenye siagi ya moto inaita watu kutoka sebuleni. Hakina waya wa kukatika wala taa ya kuharibika. Kinakaa juu ya gesi na kinakaa hata juu ya mkaa; kwenye jiko la induksheni, lile la umeme linalopasha chombo kwa sumaku, hakifanyi kazi kwa sababu alumini haivutwi na sumaku. Kazi yake ni kwamba kitufe cha joto ni wewe. Gesi iwe ndogo, unakigeuza kila baada ya sekunde ishirini au thelathini, unakisogeza kidogo ili moto usikae katikati tu. Huwezi kugeuka kumjibu mtu. Na mwezi wa Januari, jua la Dar likiwa nje na moto uko ndani, kusimama saa nzima mbele ya jiko ni kazi ya mwenye kupenda kweli.

Nilipokwenda Kariakoo kununua yangu nilibeba mkate wa slaisi kwenye mkoba. Unamwomba muuzaji achomeke mashine, unaiacha ipate moto, unapanga vipande vinne vya mkate kufunika bamba lote, unafunga na kubana. Baada ya dakika moja unavitoa na kuangalia rangi ya pande zote mbili. Mkate hausemi uongo: utaona kama ukingo unapata moto, na kama bamba la juu linalingana na la chini. Muuzaji wa duka la kwanza alikataa, akasema nitamchafulia mali. Wa pili alicheka, akaniambia, "Anti, jaribu tu, hata mimi nataka kuona." Huyo ndiye aliyeuza. Fanya hivyo kabla hujatoa pesa, maana risiti zetu zimeandikwa wazi kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na hata hivyo idai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hasa ukiambiwa kuna waranti.

Wakati mkate uko ndani nilikagua mambo mengine. Bawaba ya nyuma: ikiwa inayumba, bamba la juu halitalala sawa, na upande mmoja wa duara utakuwa mnene. Kifungio cha mbele: kiwe cha kubana kweli, kwa sababu rojo likipata moto linavimba na kuinua kifuniko, na unene wote unaharibika hapo. Ukingo wa bamba la chini uwe na mfereji wa kupokea rojo linalozidi. Bila huo linatiririka mpaka kwenye waya. Mpini nilioushika baada ya dakika tano ulikuwa na uvuguvugu tu. Mashine hizi nyingi zinatoka China na zinabandikwa majina tofauti, hivyo jina usilitegemee sana kuliko macho yako. Bei yake ilikuwa karibu mara mbili ya isiyo na kitufe, na sioni kwamba nilizidishiwa.

Kitu kimoja kilichokuja ndani ya boksi sikukipenda hata kidogo: kile cha kukunjia. Ni cha plastiki, chepesi, kinapata joto na koni inakishika. Kikunjio kinachofaa ni cha mbao, kwa sababu mbao hainyonyi joto haraka wala haiachi koni iteleze. Nilimwendea fundi wa Keko anayekereza miguu ya vitanda, nikampa kile cha plastiki kama kipimo, akanikerezea kingine cha mninga, kikubwa kidogo, chenye mpini. Nilimkataza kukipaka vanishi. Nilikisugua kwa msasa laini, nikakipaka mafuta ya nazi, kikakaa usiku mzima. Gharama ilikuwa ndogo sana, na kwa kweli kikunjio hicho kimeboresha koni zangu kuliko kitu kingine chochote nje ya kitufe cha joto. Ncha yake ni kali, hivyo chini ya koni kunafunga vizuri na aiskrimu haidondoki kwenye kanzu za watu.

Rojo langu ni mayai mawili yaliyopigwa na gramu 100 za sukari na chumvi kidogo, siagi gramu 60 iliyoyeyushwa na kupoa, unga wa ngano gramu 100, maziwa vijiko vya chakula vitatu au vinne, na iliki iliyosagwa. Lipumzike dakika ishirini, liwe zito kidogo kuliko la chapati za maji. Vijiko viwili vya chakula katikati ya bamba, funga, bana. Duara la kwanza mara nyingi halina rangi sawa kwa sababu mabamba hayajatulia, watoto wanalimaliza. Vaa glavu nyembamba za pamba mikono yote miwili. Bila hizo utaogopa moto, utachelewa, na duara litakugomea. Ukishakunja, shikilia sehemu ya kiungo ikitazama chini kwa sekunde chache mpaka igande. Ukipunguza sukari kwa sababu za kiafya, punguza kidogo sana. Ukiishusha mpaka nusu utapata chapati iliyokunjwa, na hakuna mashine ya kuiokoa.

Unyevu wa pwani ni jambo ambalo maelezo yanayokuja na mashine hayalitaji, kwa sababu aliyeyaandika hajaonja masika yetu. Kati ya Machi na Mei koni uliyoiacha wazi kwenye meza inaweza kulegea kabla ya jioni. Zipoe kabisa, kisha mara moja ziingie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Zikilegea, oveni ya nyuzi 120 kwa dakika tano inazirudisha, lakini uziache zipoe nje ya oveni ndipo uzipime, kwa kuwa zikiwa za moto huwa laini vilevile. Kwa sherehe ninazipaka chokoleti iliyoyeyushwa kwa ndani. Mafuta ya chokoleti yanazuia maji ya aiskrimu yasiingie kwenye koni, na tone linaloganda kwenye ncha linaziba kabisa. Kwa anayeishi Iringa au Arusha mambo ni mepesi zaidi, hewa haina unyevu kama wetu.

Umeme watu wanauogopa bila sababu. Mashine ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima mfululizo inakula uniti moja, na kwa kweli haiwaki mfululizo kwa kuwa inajizima na kujiwasha ikitunza joto. Hata kwa anayelipa shilingi 350 na ushei kwa uniti, ni gharama ndogo kuliko ya mayai. Cha kuangalia ni ekstenshoni: zile nyembamba za bei poa zinapata moto kwa mzigo huu, kwa hiyo chomeka moja kwa moja ukutani.

Usafi ni wa dakika chache ukiwa na nidhamu. Mabamba ya yangu hayatoki, hivyo hakuna kuosha kwenye maji. Yakiwa na uvuguvugu nayafuta kwa kitambaa chenye maji kidogo, na mifereji naipitisha brashi laini ya meno. Waya wa kusugulia sufuria usikaribie, wala uma au kijiko cha chuma. Mafuta ya kopo ya kupulizia pia siyatumii. Yanaacha utando unaonata ambao ukizoea joto hautoki tena. Tone la mafuta ya kupikia kwenye kitambaa, kabla ya duara la kwanza tu, linatosha, kwa sababu siagi tayari imo kwenye rojo.

Kasoro za mashine yangu nazo nizitaje. Waya ni mfupi, haufiki kwenye meza ninayoipenda. Namba za kwenye kitufe ni moja hadi tano tu, hazisemi nyuzi, kwa hiyo nimeandika kwenye kipande cha karatasi ndani ya kabati: siagi na maziwa kwenye tatu na nusu, tui la nazi kwenye tatu, asali chini ya tatu kidogo. Yako itakuwa na namba zake, zitafute kwa maduara matatu ya mwanzo. Na inaoka moja moja. Kwa watu sita wa nyumbani hiyo ni sawa, kazi inaisha aiskrimu ikiwa bado inagandishwa. Ukipata oda ya harusi ya watu mia ni habari nyingine, hapo utahitaji mbili zikae pamoja, unakunja ya hii wakati ile inaiva. Zaidi ya mbili kwa mtu mmoja haiwezekani kwa sababu ya zile sekunde kumi.

Chuma cha wifi sikukitoa. Umeme ukikatika katikati ya kuoka, rojo haliharibiki: nawasha gesi ndogo na kuendelea, na hizo za chuma mume wangu anaziwahi kabla hazijafika kwenye kopo.